Kivuko cha Erlbach

Jumatatu alfajiri wanapandisha bendera nyekundu,
nami hukunja ramani, hutoka nje ya lango,
husikiliza ardhi niliyoishona Jumapili
ikifumuliwa nyuzi.

Tani sitini hazibishi hodi.
Huzisikia kwanza kwenye nyayo,
kisha kwenye kahawa inayotetemeka kikombeni;
masikio huja nyuma, yamechelewa.

Kijito chenyewe si kitu. Mtoto akikimbia anakiruka.
Erlbach: jina lasema kijito cha mierle,
mti upendao kusimama miguu majini.
Nilipoajiriwa, lilibaki jina tu.
Chini ya mawe, kamba wa mtoni, urefu wa kidole,
viumbe wasiojua kupumua matope.
Kifaru kimoja kikivuka mara moja
huwaachia siku tatu za giza.

Nikapanda miche mia nne.
Sajini Ottmar Prechtl akacheka hadi kofia ikamteleza:
"Walburga, unapanda miti kwenye uwanja wa vita!"
"Wa mazoezi," nikamjibu.
"Basi itakufa kimazoezi."
Ilikufa kikweli. Oktoba nilihesabu
themanini na minane iliyosimama.

Sikumpata wa kumlaumu.
Usiku, ukungu, kijana wa miaka kumi na tisa
anaendesha nyumba ya chuma
huku akiiona dunia kupitia tundu la sanduku la barua.
Nilisimika kibao: kikarudi na matundu saba,
yamepangwa vizuri, lazima niseme.

Ni Prechtl aliyekuja, majira ya baridi, na kalamu nyekundu.
Hakunitazama. Alikunjua ramani ya mazoezi juu ya boneti,
akachora kando ya kijito, ng'ambo zote mbili,
alama ya mabomu ya ardhini.
Upenyo mmoja tu akauacha, pale tulipomwaga mawe na zege.
"Kesho," akasema, "uone adabu."

Na kweli. Miti haikuogopwa;
bomu lisilokuwepo liliogopwa.
Safu nzima ya vifaru ikavuka penye zege,
kimoja kimoja, taratibu,
kama waumini waendao komunyo.

Lakini ngoja, sijamaliza,
maana ardhi nayo ina ubishi wake.
Kule juu mteremkoni vifaru vilikuwa vimeacha makovu,
mifereji ya kina cha goti, na kazi yangu ilikuwa kuifukia.
Nilikuja na udongo, na mbegu za nyasi kilo arobaini
tulizovuna kwa mkono kwenye malisho ya Korbinian Zintl.
Nikapiga magoti. Ndani ya kovu, maji;
ndani ya maji, chura mdogo rangi ya tope.
Nilipomgusa alijipindua: tumbo njano kama kiini cha yai,
na mboni za macho yake, naapa, zina umbo la moyo.
Hataki bwawa, hataki kijito.
Anataka dimbwi jipya, tupu,
lililokandamizwa na kitu kizito.

Nikarudisha udongo kwenye lori.
Mwaka uliofuata nyasi ziliziba madimbwi mawili,
na mimi, niliyelaani vifaru miaka sita,
nikajaza fomu, nakala tatu,
kuomba kimoja, kwa saa moja, mwezi Machi.
Dereva alikuwa msichana. Nilimtangulia kwa miguu:
hapa kanyaga.
Hapa, hata ukiamriwa, usikanyage.

Prechtl amestaafu, anafuga nyuki.
Kamanda mpya alinikuta majini na tochi, nikigeuza mawe:
kamba ishirini na tisa, mmoja kabeba mayai.
Akauliza nani aliyetega mabomu ya kwenye ramani.
"Mimi na sajini."
"Yatateguliwa lini?"
Nikaitazama mierle, sasa imenipita kichwa.
"Bado yanaota," nikasema.

Aliandika kitu daftarini, akaondoka na gari lake,
akavukia penye zege.
Maji yakachafuka kidogo,
yakatulia kabla sijavua buti.